Sitara ya mwanafunzi ni amana ya mwalimu

HAIPITI siku katika visiwa vyetu bila ya kusikika malalamiko juu ya lugha za kigeni. Wazazi wanasema watoto wao wanamaliza kidato cha nne na Kiingereza hakijawakaa ulimini. Wenye mahoteli wa Nungwi, Kiwengwa na Paje wanataka vijana wa kuzungumza na mgeni kwa lugha yake. Walimu nao wanasema madarasa yamejaa na vitabu havitoshi. Kila neno katika hayo lina ukweli wake na lastahili kusikilizwa.

Lakini lipo jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa nadra, ijapokuwa halihitaji fedha za kigeni wala msaada wa mfadhili. Jambo hilo ni mwili wa mwanafunzi: macho yake, mikono yake, kimya chake, na namna mwalimu anavyovisoma vitu hivyo na kuvitangaza mbele ya wenziwe. Sisi tunaamini kwamba katika jambo hili wengi wa watoto wetu wanazipoteza lugha za kigeni kabla hata hawajazianza.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba somo la lugha ya kigeni halifanani na masomo mengine. Mwanafunzi wa Hisabati aweza kukosea daftarini, akafuta, na asijue mtu. Mwanafunzi wa Kiingereza au Kifaransa hana pa kufutia. Kosa lake hutoka kinywani, likasikiwa na darasa zima. Isitoshe, anatakiwa kuuumba mdomo wake kwa namna ambayo hakuizoea tangu kuzaliwa. Sisi watu wa visiwani tuna bahati kwamba sauti za th, dh na gh tumezinyonya pamoja na maziwa ya mama, katika maneno kama thamani, dhamana na ghali. Ama ile u ya Wafaransa, ambayo hutaka midomo ichongoke kama ya mtu anayepuliza moto huku ulimi ukisogea mbele, humfanya kijana wa miaka kumi na tano ajione kichekesho. Hapo ndipo mwili husema asiyotaka mwenyewe kuyasema. Jasho humtoka, vidole husokota ncha ya mtandio, na macho hutafuta dirisha.

Mwalimu huyaona hayo yote, kwani macho hayana pazia. Kuona si kosa. Kosa liko katika hukumu inayofuata. Macho yameinama, basi huyu hajui. Amekaa kimya, basi huyu hakusoma. Amegeuza uso, basi huyu ana kiburi. Hukumu hiyo haitolewi kwa siri, bali hutangazwa kwa sauti, darasa likacheka, na mtoto akaketi. Pengine tangu siku hiyo hanyanyui mkono tena mpaka anaondoka skuli.

Na tujiulize: macho yaliyoinama yana maana gani kwetu? Mtoto aliyelelewa akaleleka hamkazii macho mkubwa wake. Anapotoa shikamoo huinamisha uso. Akiitwa na mzee huitika naam au labeka, na macho yake yako chini. Yule anayemtumbulia mwalimu macho ndiye anayeambiwa kuwa ana macho makavu. Kumbe katika desturi ya Waingereza na Wamarekani mambo ni kinyume chake: anayekutazama usoni ndiye mkweli na mwenye kujiamini, na anayekwepa macho hushukiwa kuwa anaficha neno. Desturi hizo mbili hukutana katika kichwa cha mtoto mmoja, ndani ya dakika arobaini za kipindi. Nyumbani amefunzwa kwamba kuinamisha macho ni heshima, na darasani anaambiwa kwamba ni ujinga.

Hatusemi haya kwa kuwa sisi ni watu wasiojua ishara. Ni taabu kupata watu wanaozijua kuliko watu wa pwani hii. Kwetu mwanamke aweza kumjibu jirani yake bila ya kufungua kinywa, kwa kujifunga kanga yenye jina linalofaa na kupita mbele ya baraza. Kubetua mdomo kwatosha kuonyesha njia, na kusonya mara moja kwatosha kuvunja urafiki wa miaka. Lakini ishara, kama lilivyo neno, ina lugha yake. Katika Bulgaria mtu hutikisa kichwa upande huu na huu akimaanisha ndiyo. Anayeitafsiri ishara ya taifa moja kwa kamusi ya taifa jingine atapotea, na akiwa ni mwalimu atawapoteza na wengine.

Wako watakaosema kwamba elimu ya kisasa inathibitisha kuwa mwili husema zaidi kuliko kinywa. Katika semina nyingi hutajwa kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na uso, na asilimia 7 tu ndiyo maneno. Hesabu hiyo ilitokana na majaribio ya mtaalamu wa saikolojia Albert Mehrabian, yaliyochapishwa Marekani mwaka 1967. Majaribio yenyewe yalihusu jambo dogo sana: mtu akisikia neno moja lililotamkwa kwa hisia fulani, ajue kama msemaji anapendezwa au anachukia. Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo haifai kupimia mawasiliano yote. Basi mwalimu asidhani kwamba ameruhusiwa na sayansi kumsoma mwanafunzi kama anayesoma gazeti.

Yale ambayo uchunguzi umeyaonyesha ni mengine, nayo yatufaa zaidi. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake wawili wa Marekani walieleza kwamba khofu ya darasa la lugha ya kigeni ni khofu ya namna yake. Wakatunga maelezo 33 ya kuipimia, na ndani yake mnatajwa khofu ya kuzungumza mbele ya watu, khofu ya kupimwa, na khofu ya kuonekana vibaya na wengine. Mwanafunzi wa namna hiyo aweza kulijua somo usiku nyumbani na kulisahau asubuhi anapoitwa jina. Naye Mary Budd Rowe, ambaye alichunguza madarasa ya Sayansi na kutoa matokeo yake mwaka 1974, aliona kwamba walimu wengi wakishauliza swali hungojea kwa muda wa sekunde moja tu. Walipofunzwa kungojea sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na waliokuwa wakikaa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu! Hakuna bajeti inayohitajika kwa sekunde tatu. Na ikiwa mtoto anayefikiri kwa lugha yake mwenyewe anazihitaji, sembuse yule anayetafuta neno katika lugha ya watu?

Jambo la pili ni maswali. Lugha yoyote ya kigeni huanza kufundishwa kwa mambo ya nyumbani. Baba yako anafanya kazi gani? Nyumba yenu ina vyumba vingapi? Jana usiku mlikula nini? Eleza juu ya mama yako. Aliyetunga kitabu hakukusudia ubaya, ila alitafuta maneno mepesi. Lakini mbele ya wanafunzi wengi, maswali hayo humtaka mtoto aifungue nyumba yao kwa watu, aonyeshe kama baba yupo, kama mama yumo katika ndoa, na kama jana usiku walikula.

Visiwa hivi vilizika watu wake baada ya kuzama kwa meli ya Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, na tena baada ya Skagit mwezi wa Julai 2012. Waliokuwa wachanga wakati ule wamekulia katika madarasa yetu. Mwalimu anapomsimamisha mmoja wao na kumwambia aeleze kwa Kiingereza habari za baba yake, na mtoto akanyamaza, kimya hicho si ukosefu wa msamiati. Mwalimu anayekichukua kuwa ni uvivu amelikosa somo na amemkosea mtu.

Wala dawa si ngumu. Mwanafunzi aruhusiwe kuzungumzia mtu wa kubuni. Aseme, "Baba yangu ni nahodha, nyumba yetu ina vyumba kumi," hata kama si kweli, maana mwalimu wa lugha anapima sarufi na matamshi, hafanyi sensa. Wanafunzi wazungumze wawili wawili kabla hawajasimama mbele ya wote. Na mwili wenyewe waweza kufanywa mlango wa kuingilia katika lugha. Katika miaka ya 1960 Mmarekani James Asher alifundisha Kijapani na Kirusi kwa kuwaamuru wanafunzi wasimame, watembee, waketi, washike mlango, bila ya kuwalazimisha kusema mpaka watakapokuwa tayari. Mwanafunzi aliyeinuka alipoambiwa inuka amekwisha kuonyesha kwamba ameelewa, ingawa kinywa chake kimefungwa.

Tunaposema haya tunajua kwamba neno faragha huwakera baadhi ya watu, wakadhani ni jambo lililoletwa na wageni ili kuwaharibu watoto. Hilo si kweli. Sitara ni katika misingi ya malezi yetu. Hatuingii nyumba ya mtu bila ya kupiga hodi, na tukipiga mara tatu bila ya kujibiwa tunarudi. Dini imekataza kupelelezana na kutangaza aibu za watu. Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Mwalimu naye ni kama mwosha katika jambo hili: ameyaona mengi kwa sababu ya kazi yake, na kazi hiyohiyo ndiyo inayomfunga kinywa.

Wengi wetu tumepita chuoni kabla ya kupita skuli. Lugha tuliyoisoma kule, Kiarabu cha Kurani, ilikuwa ya kigeni kwetu. Basi tukumbuke namna ilivyosomeshwa. Kila mtoto alikuwa na sehemu yake. Alikwenda kuketi mbele ya mwalimu na juzuu yake, akasoma, akakosea, akarekebishwa, akarudia, na huku wenziwe wote wakisoma kwa sauti sehemu zao. Kelele ile ilikuwa ni pazia. Kosa lilibakia baina ya watu wawili. Hatusemi kwamba chuo hakikuwa na bakora, kwani zilikuwapo, na zama zake zimepita. Lakini katika kuificha aibu ya anayejifunza, chuo kilikuwa na hekima ambayo darasa la leo, lenye mmoja aliyesimama na makumi waliokaa wakimtazama, limeipoteza.

Kinyume cha hekima hiyo tunakijua pia. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, jinsi skuli za kikoloni za Kenya zilivyomvisha shingoni kibao cha matusi mtoto aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake. Mwili wa mtoto ulifanywa ubao wa matangazo ya fedheha. Popote palipo na mwalimu anayemsimamisha mwanafunzi juu ya kiti kwa sababu ya kutamka vibaya, kibao kile bado kinaning'inia, ijapokuwa hakionekani.

Katika zama zetu kibao hicho kimepata umbo jipya, nalo ni simu. Katika mitandao ya kijamii hupitishwa picha za watoto waliovaa sare za skuli wakibabaika katika Kiingereza, na watu wazima wakicheka. Kicheko cha darasani hufa kengele inapolia. Kicheko cha simu hakifi. Kitamfuata mtoto huyo mpaka siku atakapoomba kazi, siku atakapoposa au kuposwa, na siku atakapokuwa na watoto wake mwenyewe.

Baya zaidi ni mitambo inayodai kuzisoma nyuso. Mwaka 2018 skuli moja ya mji wa Hangzhou, nchini China, ilijulikana duniani kwa kuweka kamera zilizotazama nyuso za wanafunzi kila baada ya sekunde 30, ili zihesabu nani ana furaha, nani amechoka na nani hasikilizi. Mwaka 2019 mamlaka ya Sweden iliitoza faini ya kronor 200,000 manispaa moja ambayo skuli yake ilijaribu kuwaandikisha mahudhurio wanafunzi 22 kwa kamera za kutambua sura. Mamlaka haikuukubali utetezi kwamba ridhaa ilipatikana, kwa kuwa mwanafunzi yuko chini ya mkono wa skuli na hana uhuru wa kweli wa kukataa. Nao Umoja wa Ulaya, kwa sheria yake ya mwaka 2024 juu ya akili mnemba, umepiga marufuku tangu tarehe 2 Februari 2025 mitambo ya kubahatisha hisia za watu katika skuli na makazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Ikiwa matajiri wenye viwanda vya mitambo hiyo wanawakinga watoto wao nayo, sisi tusiwe soko la mabaki.

Kwa upande wa sheria hatuanzii patupu. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake na maisha yake binafsi, na haikusema kwamba mtoto anaiacha haki hiyo kwenye lango la skuli. Tunayo Sheria ya Mtoto ya 2011. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao nchi yetu imeuridhia, unalitaja jambo la faragha katika ibara yake ya 16. Bunge la Muungano nalo lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto zimewekwa katika fungu la taarifa nyeti. Lakini elimu ya msingi na sekondari haimo katika mambo ya Muungano. Dhamana ya kuweka utaratibu wa skuli zetu iko mikononi mwetu wenyewe, na haitufai kukaa tukimsubiri mtu mwingine atuandikie.

Hapana shaka wapo walimu watakaouliza: Je, tusiwatazame wanafunzi? Tufumbe macho? La, hasha. Mwalimu asiyetazama hafundishi. Anapoona nyuso zimekunjamana, na aeleze upya. Anapoona mmoja amejiinamia siku tatu mfululizo, na amwite pembeni baada ya kipindi, amuulize kwa upole. Ishara ya mwanafunzi ni amana aliyokabidhiwa mwalimu ili amsaidie mwenyewe. Si hati ya mashtaka ya kumsomea hadharani.

Wapo pia watakaosema kwamba kijana atakayepokea wageni uwanja wa ndege hana budi kujua kumtazama mgeni usoni. Hilo ni kweli, na lifundishwe. Lifundishwe kama msamiati unavyofundishwa: Waingereza hufanya hivi, Wataliani husema kwa mikono namna hii, Wajapani huinama hivi. Mwanafunzi ajifunze ishara za watu kama anavyojifunza maneno yao, azitumie mahali pake, na arudi nyumbani na adabu yake kamili. Msichana asiyetaka kumpa mkono mwanamume katika igizo la kusalimiana asilazimishwe, bali afunzwe maneno ya kukataa kwa heshima, maana hayo nayo ni sehemu ya lugha na atayahitaji kazini.

Kwa hiyo tunatoa mwito kwa wahusika wote. Kwanza, Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iweke kanuni iliyo wazi, kwamba hakuna mwanafunzi atakayepigwa picha au kurikodiwa sauti yake darasani bila ya ridhaa ya mzazi, wala kurushwa mtandaoni kwa kuchekwa, na atakayevunja kanuni hiyo ajue adhabu yake. Pili, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na vyuo vya walimu viwafundishe walimu wa lugha maana ya ishara katika desturi yetu na za wengine, na kungojea jibu. Tatu, watunzi wa mitaala wayapitie maswali ya nyumbani yaliyomo vitabuni na kuweka karibu yake ruhusa ya kujibu kwa mtu wa kubuni. Nne, alama za mtihani apewe kila mwanafunzi zake mkononi mwake, badala ya kusomwa mbele ya wote kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho. Tano, wakaguzi waingiapo darasani wasiangalie andalio la somo peke yake. Waangalie pia ni wanafunzi wangapi waliothubutu kukosea.

Nanyi wazazi, msimcheke mtoto nyumbani anapojaribu neno la kigeni. Kamati za skuli na masheha wasikie malalamiko ya namna hii kama wanavyosikia ya madawati na mapaa yanayovuja. Na mwalimu, ambaye tunajua kazi yake ni nzito na mshahara wake haulingani nayo, tunamwomba kitu ambacho hakuna mwingine awezaye kukitoa: staha yake.

Tarehe 23 Septemba 1964 mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Zanzibar. Maana ya tangazo lile ilikuwa kwamba mtoto wa mkulima na wa mvuvi ataingia darasani bila ya kuulizwa rangi yake wala kipato cha baba yake. Itakuwa ni ajabu kubwa ikiwa mtoto huyohuyo, akishaingia, atasimamishwa aulizwe habari za baba yake kwa lugha asiyoijua, na kimya chake kikaandikwa kuwa ni ujinga. Mlango uliofunguliwa siku ile usifungwe kwa kicheko.